Gasketi ya hedi kwa injini kongwe: shaba, kompoziti au MLS? Mnafunga ipi?

#1 KongweMtiifu
Wakuu habari. Injini ni ya MGB, ile B-Series ya sisi (cc) 1798, hedi ya chuma juu ya bloki ya chuma. Silinda zimetanuliwa, zimetoka milimita 80.26 hadi 81.28. Pistoni, ringi na beringi nimeshamaliza. Nimekwama kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloki.

Nina njia tatu. Kuna gasketi ya zamani yenye uso wa shaba, imekaa stoo miaka na miaka na bado iko kwenye bahasha yake. Kuna kompoziti ya grafiti yenye pete za chuma kuzunguka silinda. Halafu kuna MLS, zile tabaka za chuma, ambayo unaagiza kwa vipimo vyako. Fundi anayenisaidia anasema MLS imefunga mjadala, gari zote za kisasa zinatumia hiyo, na zilizobaki ni ushamba. Jibu lake limekuja haraka mno, ndiyo maana nimelileta kwenu.

#2 NgojaWaje
Nimekaa pembeni. Wenye injini zao waje.

#3 MzeeWaKabureta
Fundi wako kasoma nusu ukurasa. MLS ni mabati ya chuma cha springi yaliyokunjwa mikunjo midogo kuzunguka silinda na matundu ya maji, halafu juu yake kuna utando wa mpira wa unene wa kama maikroni 25. Utando huo hauwezi kuziba mikwaruzo ya mashine ya kuskimu (kusawazisha uso) iliyochoka. Watengenezaji wanataka uso wenye ukwaru wa Ra (wastani wa ukwaru) maikroinchi 50 au chini ya hapo, na wengine wanakupeleka hadi 30. Uso wa kizamani uliokatwa kwa jiwe au kisu kilichochoka unaweza kukupa 80, hata 100. Kompoziti inakaa hapo bila kelele, maana grafiti yake ni laini, inajaza mabonde.

Kwa hiyo kabla hujauliza gasketi ipi ni bora, uliza uso wako ukoje. Aliyekuskimia anacho kipimo cha ukwaru, au anapitisha ukucha na kusema "safi hiyo"?

#4 KongweMtiifu
Alipitisha ukucha 😅

#5 BintiSpana
Mzee #3 yuko sawa kwenye uso, ila asiifanye MLS ionekane ya mashindano tu. Mimi nina Datsun 240Z, injini ya L24, hedi ya alumini juu ya bloki ya chuma. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua kipande cha milimita 100, kipashe nyuzi 80: alumini inaongezeka kama 0.18, chuma 0.09. Sasa zidisha kwa urefu wa hedi ya silinda sita. Kila ukiwasha na kuzima, hedi inateleza juu ya gasketi kwenda na kurudi. Kompoziti inasuguliwa na kuchanika taratibu, hasa kwenye ncha za mbele na nyuma. Tabaka za MLS zinaruhusu ule mwendo.

Ila injini ya mleta mada ni chuma juu ya chuma. Vyote vinatanuka pamoja, kwa hiyo sababu kubwa ya kununua MLS kwake haipo.

#6 KobeHewa
Mimi nina Beetle 1600. Silinda zinakaa moja kwa moja kwenye hedi, chuma kwa alumini, hakuna gasketi hapo. Endeleeni kujadiliana, nawasikiliza 😎

#7 MzeeWaKabureta
#6 na hedi zako zikianza kupitisha moto unazipeleka wapi? Kukatwa upya pale silinda zinapokaa, si ndiyo? Tulia hivyo hivyo.

#8 KobeHewa
😂😂 Mzee unauma. Ila rejeta sina.

#9 PimaKwanza
Hakuna aliyegusa unene na pale ndipo watu wanapoliwa. Kwenye silinda ya 81.28 na mwendo wa pistoni wa 88.9 unapata kama sisi 461 kwa silinda moja. Tuseme kompresheni yako ni 9 kwa 1, maana yake nafasi inayobaki juu pistoni ikifika kileleni ni kama sisi 57.7. Gasketi yenye tundu la 82.5 inachukua zaidi ya nusu sisi kwa kila milimita 0.1 ya unene. Ukitoka gasketi ya 0.8 ukafunga ya 1.3, umeongeza karibu sisi 2.7 na kompresheni imeshuka hadi kama 8.65. Hujagusa hedi wala pistoni. Gari inakuwa nzito halafu mtu anahangaika na kabureta.

Na unene unaohesabika ni ule baada ya kukazwa. Gasketi ikiwa bahashani ni nene zaidi.

La pili, tundu. Umetanua silinda, hivyo hakikisha pete ya gasketi haichungulii ndani ya silinda hata kidogo. Ikichungulia inawaka nyekundu, na mchanganyiko unalipuka kabla plagi haijatoa cheche. Acha angalau milimita moja zaidi ya kipenyo cha silinda, na uiweke gasketi juu ya bloki tupu uitazame kwa macho yako.

#10 V8Tulivu
Nakazia #9. Kwenye Rover V8 hili ndilo chanzo cha ugomvi wote. Za awali zilifungwa gasketi ya bati jembamba, nusu milimita hivi. Baadaye ikaja kompoziti ambayo ni karibu mara mbili ya hiyo, na kiwandani wakapunguza chumba cha hedi ili kompresheni isianguke. Mtu anachukua hedi ya zamani, anafunga kompoziti ya kisasa, anashangaa gari haivuti. Hedi yangu ina bolti kumi, nimefunga kompoziti, iko vizuri sana.

#11 Ukweli_Mtupu
#10 weka wazi hapo, usije ukampoteza mtu. Bolti kumi kwa hedi ni za miaka ya tisini katikati kuja mbele. Za kabla ya hapo zina 14. Ile safu ya nje ya chini ndiyo yenye maneno: ukiikaza sawa na nyingine inavuta hedi upande mmoja, na gasketi inalegea upande wa bondeni kati ya safu mbili za silinda. Walipotoa hedi mpya waliiondoa safu hiyo. Wenye hedi za 14 wengi wanaikaza kidogo tu.

#12 V8Tulivu
Ndiyo maana nimesema "yangu". Ni ya mwisho mwisho, hayo ya 14 siyajui kwa mikono.

#13 Nesi_wa_Magari
Mleta uzi, hiyo gasketi ya stoo iache. Zile zenye ngozi ya shaba za enzi hizo, katikati ni asbesto. Ikiwa nzima haina neno kubwa, kazi inaanza siku ya kuivua, watu wanapoikwangua kwa brashi ya waya kwenye drili na kupuliza vumbi kwa kompresa. Uingereza walipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, Umoja wa Ulaya kote ikafika 2005. Hawakufanya hivyo kwa kupenda karatasi.

Hata ile unayoivua sasa hivi ichukulie ni asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Ilowanishe kwa maji yenye tone la sabuni, kwangua kwa mkono ikiwa mbichi, mabaki yafunge kwenye mfuko. Barakoa ya kitambaa haisaidii.

#14 ChumaHakiozi
Tumezivua hizo maisha yetu yote na tupo.

#15 Nesi_wa_Magari
#14 unaoongea nao ni wale waliopo. Ugonjwa wake unachukua miaka ishirini, hata arobaini, kujitokeza. Mimi nimemaliza.

#16 Moto_Mwekundu
Naomba tutenganishe vitu. Watu wanaandika "shaba" kana kwamba ni kitu kimoja. Hiyo ya #1 ni shaba iliyofunika kitu kingine. Kuna shaba tupu, bati moja la shaba lililokatwa. Hiyo unaipasha mpaka iwe nyekundu iliyofifia ndipo inalainika. Uipooze kwa maji au uiache ipoe yenyewe, kwa shaba matokeo ni yale yale. Ukishaikaza inakuwa ngumu tena, hivyo ukiivua unaipasha upya.

Shaba tupu inashika mlipuko vizuri sana. Inapovuja ni kwenye maji na oili, kwa sababu haina kitu laini cha kuziba matundu hayo. Ndiyo maana wa mashindano wanachimba mfereji kuzunguka silinda na kulaza waya ndani yake, halafu matundu ya maji wanayapaka dawa ya kuziba. Kwa gari ya kutembelea, ya nini yote hayo?

#17 MdogoMwendo
Samahani kuingilia uzi wa mwenyewe. Nina Mini ya A-Series 1275. Gasketi inakatika kati ya silinda ya 2 na ya 3, kila mara hapo hapo. Nimefunga ya kawaida, ikakatika. Nikafunga kompoziti nzuri zaidi, nayo ikakatika. Ukiipima kompresheni silinda mbili za kati zinasoma chini, za pembeni ziko juu. Kwa hiyo mnaposema aina ya gasketi ndiyo jibu mimi nabaki kutazama.

#18 BintiSpana
#17 hapo hakuna siri. Silinda ya 2 na 3 kwenye A-Series zinatumia mlango mmoja wa ekzosi katikati. Moto wa silinda mbili unapita sehemu moja, na ukuta kati ya silinda hizo ni mwembamba. Ndiyo sehemu yenye joto kali kuliko zote kwenye hedi.

#19 PimaKwanza
Joto lipo kwenye Mini zote na nyingi hazikati. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya BLOKI, siyo hedi tu, kati ya 2 na 3, halafu jaribu kupitisha fila geji (kibati cha kupimia upenyo) ya milimita 0.05. Watu wanaskimu hedi mara tatu, bloki hawajawahi kuitazama. Gasketi ikikatika moto unapita pale kama kisu cha gesi na kula mfereji. Ukifunga gasketi mpya juu ya mfereji ule, nayo inaondoka.

#20 MzeeWaKabureta
Na mimi nasema ni bolti. Vua stadi zote (zile bolti zilizosimama kwenye bloki) uangalie bloki pale zinapoingia. Meno ya juu yanakuwa yamevutwa, chuma kimeinuka kimlima kidogo kuzunguka tundu. Gasketi inakaa juu ya vilima, na katikati ya silinda hakuna mkazo. Tundu lichongwe mdomo kidogo, mlima uondoke. Halafu stadi za miaka hamsini zimeshatanuka, badilisha.

Jingine: asilimia kama 90 ya nguvu unayoweka kwenye toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) inaishia kwenye msuguano wa meno na chini ya nati. Inayovuta stadi ni ile kumi iliyobaki. Meno makavu yenye kutu na meno yaliyopakwa oili, toki ile ile, mkazo tofauti kabisa. Soma kitabu kinataka vipi, na washa (visahani vya chini ya nati) ziwe ngumu na bapa.

#21 V8Tulivu
Ongezea: oili isimwagike ndani ya tundu lililofungwa chini. Bolti ikishuka inaisukuma, oili haibonyei, bloki inapasuka.

#22 Ukweli_Mtupu
Wote mmeruka swali la kwanza ambalo ningemuuliza #17. Taimingi (muda wa cheche) umeweka ngapi, na unatumia petroli ya oktani ngapi? Injini ikigonga kwa kulipuka vibaya, shinikizo linapanda ghafla na pete ya gasketi inapondwa kila mlipuko. Hapo hata ufunge MLS, utakachofanikiwa ni kuhamisha uharibifu kutoka gasketi kwenda pistoni. Gasketi inayokatika pale pale inaweza kuwa inakulinda.

#23 MdogoMwendo
Taimingi iko kwenye kitabu. Kugonga sisikii. Ila ekzosi yangu ina kelele, sina hakika ningesikia 😂

#24 BintiSpana
Ekzosi ya kelele na injini inayogonga, ndoa ya furaha hiyo.

#25 FungaKavu
Swali langu ni dogo. Mnapaka nini? Mimi nafunga kavu. Jirani yangu anapaka grisi, anasema siku ya kuvua itatoka yenyewe.

#26 Moto_Mwekundu
Kompoziti ya kisasa na MLS zote zimeshapakwa kiwandani, zifunge kavu. Ukipaka grisi juu ya utando ule unaufanya uteleze, ni kama plasta juu ya ngozi yenye mafuta. Grisi inaweza pia kuushambulia mpira wenyewe. Dawa ya shaba ya kupuliza au Hylomar iache kwa bati jembamba na shaba, ambazo hazina utando wake. Silikoni usiilete karibu na hedi, inaminyika, inakatika vipande na kuziba njia za oili.

#27 ChumaHakiozi
Nimepaka dawa ya kupuliza kwenye kompoziti zote nilizofunga, pande mbili, hakuna iliyovuja.

#28 Moto_Mwekundu
Huenda zisingevuja hata bila dawa. Hatuwezi kujua mimi na wewe.

#29 SilindaZaKuvua
Wenye injini za silinda zinazochomoka mnasahaulika kila siku. Peugeot 504 yangu, Triumph TR4 ya rafiki yangu, zote silinda zinakaa zenyewe ndani ya maji. Huku gasketi ni mtu wa mwisho kwenye orodha. Kinachoamua ni silinda inajitokeza kiasi gani juu ya bloki. Kwa TR4 ni sehemu 3 hadi 5 za elfu ya inchi, yaani kama milimita 0.08 hadi 0.13. Ikizama, hakuna gasketi itakayokuokoa. Zikipishana vimo, ile fupi ndiyo itakayopitisha moto.

Na ukishavua hedi usizungushe krankshafti kabla hujazibana silinda kwa washa na nati. Pistoni inapanda na silinda yake, ile pete ya chini inaachia, na maji yanakwenda kwenye oili. Utakuja kulaumu gasketi ya juu wakati tatizo liko chini.

#30 KongweMtiifu
Asanteni, uzi umenenepa. Nimerudisha bloki na hedi zikapimwe ukwaru. Bloki imesoma kati ya 60 na 70, hedi nayo hapo hapo. Kwa hiyo kwa hesabu ya #3, MLS imeondoka mpaka nikate upya. Ya stoo nimeiondoa kwa ushauri wa #13. Kompoziti basi. Swali: baada ya kuwasha nirudie kukaza au nisirudie? Karatasi iliyokuja nayo ina picha tu.

#31 MzeeWaKabureta
Rudia. Grafiti inakaa na kubonyea baada ya joto la kwanza. Washa mpaka ipate moto kamili, zima, iache ipoe usiku kucha, kisha kaza kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia katikati kwenda nje. Kila nati ilegeze robo ya mzunguko kwanza, moja moja, halafu irudishe kwenye toki yake. Usipoilegeza, toki renchi inalia kabla nati haijasogea, maana nati iliyotulia inang'ang'ania.

#32 PimaKwanza
Mimi silegezi. Ukilegeza unaivuruga gasketi iliyokwisha kukaa. Kaza tu mbele, ikisogea imesogea.

#33 MzeeWaKabureta
Nati moja kati ya nyingi haiwezi kuinua hedi. Umelegeza robo mzunguko, siyo kuivua.

#34 Ukweli_Mtupu
Wote wawili mna vitabu vya kuwatetea, nimeona vya aina zote mbili. Muhimu kwa mleta uzi: baadhi ya nati za hedi kwenye B-Series ndizo zinazoshika pia roka (mikono inayosukuma vavu). Ukizigusa, rudi upime nafasi za vavu. Na kama kompoziti yako ni ya aina isiyotaka kukazwa tena, itakuwa imeandikwa kwenye bahasha au kwenye tovuti yao kwa namba ya gasketi. Tafuta namba, usitegemee picha.

#35 KongweMtiifu
Namba nimeipata, nitaisaka. Lingine: pistoni ikiwa kileleni imezama milimita 0.9 chini ya uso wa bloki. Gasketi ikikazwa ni 0.9 pia. Kuna ubaya?

#36 PimaKwanza
Ubaya upo. Una 1.8 kati ya pistoni na uso bapa wa hedi. Nafasi ile ikiwa karibu na 1.0 mchanganyiko unasukumwa kwa nguvu kuelekea kwenye plagi na injini inavumilia kugonga vizuri zaidi. Ikiwa 1.8 haisukumi kitu, kuna petroli imekaa pembeni inasubiri kulipuka kwa wakati wake. Kata bloki nusu milimita, au zaidi kidogo.

#37 BintiSpana
Na kompresheni itapanda kwa hiyo nusu, #36. Umempigia hesabu hiyo? Ni sisi 2.6 zinaondoka, atafika karibu na 9.4. Halafu hedi inashuka, fimbo za kusukuma roka zinakuwa ndefu kwa nusu milimita, pembe ya roka inabadilika. Kwangu mimi kwenye L24, kukata kunalegeza cheni na kamshafti inachelewa, ndiyo maana tunaweka shimu (vibati vyembamba) chini ya minara yake. Kila ukikata kitu kuna kingine kinasogea.

#38 PimaKwanza
Nusu milimita ya fimbo inamezwa na skrubu ya kurekebisha roka. Kompresheni anaishusha kwa kutanua chumba cha hedi kidogo.

#39 MzeeWaKabureta
B-Series zimetoka kiwandani pistoni zikiwa zimezama hivyo hivyo na zimetembea toka 1962. Mwacheni mtu awashe gari.

#40 Ukweli_Mtupu
Zilikuwa zinanyweshwa petroli ya enzi ile, mzee, yenye madini ya risasi ndani ya kuzuia kugonga.

#41 MdogoMwendo
Nimepitisha rula kwenye bloki kama #19 alivyosema. Fila ya 0.05 inapita kati ya 2 na 3. Ya 0.08 nayo inaingia kwa shida. Ila pia meno mawili ya stadi za kati yameinuka, mzee #20. Nianze na lipi?

#42 BintiSpana
Kabla ya yote tuwekee picha ya plagi nne zikiwa zimepangwa kwa mfuatano.